Wimbo Wangu Usitiwe Ngoma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza. Wateja watapungua, maana hakuna anayetaka kushona nguo mpya ya kuburuza kwenye matope, na mimi mikono ikikaa bure kichwa kinanitafuna. Kwa hiyo naandika. Nitaandika mpaka mvua ziishe, baada ya hapo tutaonana.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alifariki mwaka juzi, katika mvua kama hizi. Naishi na mama yake, na ndiye anayenishonea vifungo na kukunja pindo kwa mkono, kwa kuwa macho yake yanaona kuliko yangu. Jioni nikishafunga kazi naimba. Kinyozi wa duka la pili anakuja na gitaa lake, wifi yangu anapitia na fidla akitoka posta anakofanya kazi, tunakaa katikati ya vitambaa vinavyoning'inia na kuimba nyimbo nilizotunga tangu nilipobaki peke yangu. Ni nyimbo za polepole. Sauti yangu ni ndogo na sijawahi kuilazimisha iwe kubwa. Nyimbo ni za huzuni kwa sababu nina huzuni. Sioni kinachohitaji maelezo hapo, lakini kila mtu anataka nimpe maelezo.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja kaja kufuata gauni. Kanikuta naimba, kaniuliza mwaka wa pili huu, bado tu? Nikamwambia hata gauni lake bado.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe ananitia wazimu. Kila tukianza kuimba anachukua kopo lake la vifungo, anageuza kiti kuelekea ukutani, anaanza kuvichambua. Vyeusi huku, vyeupe kule, vya mashimo mawili, vya mashimo manne. Cha, cha, cha, wimbo mzima. Vifungo hivyo kavichambua mara ngapi sijui, na asubuhi nakuta vimechanganywa tena. Nani kavichanganya kama si yeye?

Wifi anasema nimwache mama yake, mtu mzima ana haki ya kuchagua kelele zake. Ni rahisi kwake kusema, haishi naye.

Jumatano, 12 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimeshona mto mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Leo katembelewa Kinyozi, na mimi nimeambukizwa mgeni. Mtu mmoja alikuwa ananyolewa, akasikia Kinyozi anapiga mluzi wimbo wangu, akauliza ni wa nani. Kinyozi, mdomo wake haujui kufungwa, akamleta moja kwa moja mpaka kwenye cherehani yangu.

Mtu mwenyewe anatengeneza muziki. Nyimbo zake zinapigwa redioni, zile zinazotikisa vyombo kabatini. Mjini wanamwita Bosi Mdundo na anaonekana kulipenda jina. Amevaa visikizio vya masikioni shingoni kama mkufu. Nikadhani atasikia ubeti mmoja na kuaga. Akasikia nyimbo tatu, amekaa juu ya robota la kitambaa cha shuka. Mwishoni akasema sauti kama yangu hajaisikia, ni kama mtu anayekuongelesha ukiwa umefumba macho. Akataka kuturekodi hapahapa dukani, kwa sababu vitambaa vinazuia mwangwi na chumba kimetulia kuliko studio yake.

Nikamwuliza swali moja tu: utaongeza nini? Akasema hataongeza kitu, ataisafisha tu sauti, basi. Wifi na Kinyozi wote walisikia. Naandika hapa kwamba walisikia.

Nimefurahi. Nilikata kitambaa baadaye huku napiga mluzi, na sikukumbuka mara ya mwisho kufanya hivyo ni lini.

Jumapili, 16 Machi

Kurekodi, tumerekodi. Alileta vipaza sauti na kompyuta, akavipanga kati ya mashine. Tukaimba tangu asubuhi mpaka mvua ya alasiri ilipotufukuza kwa kelele zake. Kinachomkera ni mvumo wa friza ya bucha, upande wa pili wa ukuta. Sisi tumeshauzoea, hatuusikii. Akasema ataufuta baadaye.

Wimbo aliourudia kuliko zote ni ule wa dirisha. Mume wangu alipokuwa kitandani hakutaka dirisha lifungwe, hata mvua iingie, alitaka kusikia watu wanapita. Kwa hiyo kiitikio ni maneno yake mwenyewe: acha dirisha wazi. Nayaimba chini kabisa, na fidla ya wifi inapita juu yake taratibu.

Mama mkwe alichambua vifungo. Bosi Mdundo akamwomba kwa heshima aache kidogo. Akatoka nje, akakaa barazani kwenye baridi mpaka tulipomaliza. Nilimpelekea kanga ya kujifunika, akaipokea bila kunitazama.

Jumanne, 25 Machi

Kimya kutoka kwa Bosi Mdundo. Mvua nayo haina adabu, imeingia kwa chini ya mlango ikalowesha robota zima la khaki.

Jumamosi, 29 Machi

Haya ya leo lazima niyaandike vizuri.

Tuliitwa studio. Tumekwenda wote watatu, tumejipiga pasi. Tunakuta Bosi Mdundo amevimba. Akamgeukia wifi, akamwambia fidla yake imekosea. Wifi, ambaye amepiga fidla tangu yuko shule, akamtazama mtu huyo namna anavyomtazama anayepanga foleni kwenye dirisha la posta lililofungwa. Akamgeukia Kinyozi: basi ni gitaa. Akatubonyezea kinanda chake juu ya wimbo wetu ili tusikie wenyewe, na kweli, ikawa kama watu wawili wanaoelewana lugha lakini mmoja ana kigugumizi. Hamko kwenye sauti hii wala hamko kwenye ile inayofuata, akasema, mko katikati, na wote watatu mko katikati pamoja. Amefanya kazi hii nusu ya umri wake, hajawahi kuona watu waliokosea kwa umoja namna hiyo.

Hapo Kinyozi akakohoa. Akaanza kujikuna kisogo. Nikajua kuna jambo.

Kumbe kile kidude chake cha kulinganishia nyuzi kilipotea zamani, hata hatujaanza kuimba pamoja. Akaona aibu kutuambia. Akatafuta sauti moja isiyobadilika, akaipata: friza ya bucha. Inavuma palepale, asubuhi mpaka jioni. Basi kila siku anaweka sikio ukutani, analinganisha waya mmoja na friza, nyingine zinafuata, wifi analinganisha fidla na gitaa, na mimi naingia katikati yao. Muda wote huu tumekuwa tunafuata friza.

Nilicheka mpaka nikaomba kiti. Wifi akacheka, Kinyozi akacheka kwa kujitetea. Bosi Mdundo peke yake hakucheka. Akasema sasa kinanda hakikai.

Nikaacha kucheka. Kinanda cha nini? Alisema haongezi kitu.

Akasema alitaka kujaribu tu. Akatuomba tulinganishe upya, sawasawa na dunia, turekodi palepale studio. Tukajaribu, nisije nikaambiwa mimi kichwa ngumu bila sababu. Kuta zake zimefunikwa sponji nyeusi. Hakuna mvumo, hakuna kitu. Nikafungua kinywa na nyimbo zangu zikatoka uchi, kama mtu aliyeamka akakuta wamehamisha vitanda vyote. Ndipo nilipoelewa kwamba ule mvumo tuliokuwa hatuusikii ulikuwa chini ya kila neno, unanishika kiuno. Nikasema hapana. Chukua zile za dukani, na friza yake, au usichukue kitu.

Akasema, sawa mama, umeshinda. Kwa upole kabisa. Mtu akikubali haraka hivyo ningetakiwa kuogopa, lakini nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi ya kumsimulia mwenye bucha.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemsimulia mwenye bucha. Alibaki na kisu hewani. Akasema friza hiyo kila siku anaipiga teke ili inyamaze, hakujua kwamba inaongoza muziki. Tangu leo haipigi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua, matope, sare za shule za watoto wanne wa familia moja, wote wamekua kwa mkupuo.

Tumeimba jioni. Vifungo, kama kawaida. Nimejaribu leo kumwangalia mama mkwe badala ya kumkasirikia. Mgongo wake umepinda kuliko mwaka jana. Sikuona zaidi ya hapo, kwa kuwa uso ulikuwa ukutani.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimesikia wimbo wangu redioni.

Kinyozi ndiye aliyeusikia kwanza. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Akaizima redio, akaja kwangu akikimbia, akaiwasha ya kwangu, na yule mteja akamfuata na shuka shingoni, nusu ya kichwa kina nywele na nusu hakina.

Ngoma. Kitu cha kwanza ni ngoma, ya mashine, inayogonga kama mtu anayevunja mlango. Halafu kinanda. Halafu sauti yangu, iliyovutwa kwa kompyuta mpaka ikakaa kwenye kinanda, imebanwa puani kama nina mafua. Fidla ya wifi imekatwakatwa vipande na kurudiwarudiwa. Na pale kwenye kiitikio, maneno ya mume wangu, neno la mwisho limekatwa likatengwa peke yake, na kundi la watu wasiojulikana wanaitikia kwa kelele. Mimi: acha dirisha. Wao: wazi! Mimi: acha dirisha. Wao: wazi!

Mteja mwenye nusu kichwa alikuwa anatikisa bega. Hakujua. Akasema, huu si mbaya, nani huyu?

Kinyozi akamshika mkono akamrudisha akamalize kunyolewa. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikashona mstari mmoja ulionyooka, halafu mwingine, halafu mwingine, kwenye kitambaa kisicho cha mtu, mpaka uzi ulipokwisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda studio. Nilikwenda kwa miguu mvuani kwa sababu ningepanda chochote ningemgombeza dereva. Bosi Mdundo akanipokea kwa kikombe cha chai na pongezi. Akaniambia watu wanaupenda, wanaupigia simu, amenifungulia mlango ambao wengine wanaugonga maisha yote. Nikamwambia aufunge. Akasema wimbo ukishatoka haurudi. Nikamkumbusha alichoahidi dukani kwangu. Akasema aliahidi kuusafisha, na huko ndiko kuusafisha, kwani ulikuwa umejaa majonzi.

Alisema hivyo hasa. Kama vile majonzi ni vumbi.

Nikamwambia, "Mume wangu ndiye aliyesema hayo maneno, akiwa anakufa. Umewapa watu wayapigie kelele."

Akavua visikizio shingoni. Sitamsingizia, nadhani iligusa mahali. Halafu akasema, "Mama, watu wana huzuni zao za kutosha nyumbani. Hawatanunua na yako."

Sikunywa chai yake.

Jumanne, 22 Aprili

Watoto wakinipita njiani wananiita Mama Wazi. Mmoja anasema acha dirisha, wengine wanaitikia. Hawana kosa. Wateja wameongezeka, kila mmoja anakuja kuniangalia. Yule aliyeniuliza bado tu kaja na kitambaa kipya na kunipongeza, eti sasa nimepona.

Sijapona. Nani kasema nilikuwa naumwa?

Jumatano, 23 Aprili

Mama mkwe ameondoka.

Asubuhi watoto walipita na wimbo wao. Alikuwa anashona kifungo kwenye koti la mteja. Akakimalizia, akakata uzi kwa meno, akakunja koti. Akaingia chumbani. Nilidhani kaenda kupumzika. Akatoka na begi lake dogo na mwavuli.

Nikamwuliza, "Mama, unakwenda wapi?"

Akasema anakwenda kwa binti yake. Nikamwuliza kwa nini, ingawa nilijua. Ndipo akanitazama, na nadhani ni mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nilikuwa naishi na mtu anayemlilia mwanangu," akasema. "Sasa mwanangu anachezwa barabarani. Siwezi kukaa nyumba hii."

Nikamweleza. Studio, ahadi, kinanda, kompyuta. Nilimweleza haraka haraka kama mtoto aliyekamatwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sauti ni yako."

Akafungua mwavuli akaingia mvuani.

Alhamisi, 24 Aprili

Wifi amekuja. Mama yake yuko salama, anakula, hasemi. Nikamwambia wifi, mambo yote haya, na mimi nilidhani mama anazichukia nyimbo zangu, vile alivyokuwa anatugeuzia mgongo na kutuchambulia vifungo. Wifi akanitazama kama naropoka. Akasema mama hajawahi kulia mbele ya mtu, hata siku ya mazishi hakulia, na mtu akilia huku mikono inafanya kazi hakuna anayemwuliza.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka hiyo yote alikuwa anaomboleza nasi na mimi namhesabu kama adui.

Nimeona aibu. Na juu ya aibu hasira, na hasira ndiyo imebaki.

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuna kazi iliyofanyika.

Jumatano, 30 Aprili

Bosi Mdundo katuma ujumbe. Ukumbi mkubwa unafunguliwa upya baada ya kukarabatiwa, Jumamosi ya tarehe kumi, na wanataka Mama Wazi. Nisimame tu, wimbo utapigwa kwenye spika, mimi niimbe juu yake au nichezeshe midomo, nitakavyo.

Kinyozi akasema tukatae. Wifi akasema tukatae. Mimi nikasema tunakwenda. Wote wawili wakanitazama, na Kinyozi akasema hiyo sura aliiona mara moja tu, siku nilipomfukuza mkaguzi wa manispaa na rula ya mbao.

Jumatatu, 5 Mei

Najishonea gauni jeusi. Halina nakshi. Nikimaliza hili nitalala vizuri.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudi muda si mrefu, nywele bado zinadondosha maji. Naandika kabla mtu hajaniambia ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Paa ni la bati jipya na mvua ilikuwa juu yake kama mtu anamwaga changarawe. Watu wengi vijana, wamekuja na nguo za kucheza. Tulipotajwa wakapiga kelele: wazi, wazi. Nikapanda jukwaani na Kinyozi na wifi, wameshika vyombo vyao ambavyo havikutakiwa. Bosi Mdundo alikuwa kando ya mitambo, ananionyesha dole gumba.

Ngoma ikaanza. Wakaanza kucheza. Ikafika zamu yangu, na sauti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa kama nyumba, acha dirisha, acha dirisha. Mimi nikafunga mdomo.

Nilisimama mbele ya kipaza sauti nimefunga mdomo, mikono kando, nawaangalia. Sauti yangu inaimba na mimi siimbi. Mwanzoni hawakuona. Halafu wa mbele wakaona, wakadhani nimesahau, wakanicheka, mmoja akanifanyia ishara ya kufungua mdomo. Nikaukaza zaidi. Wakaacha kucheza wale wa mbele, na wa nyuma yao wakaacha kwa sababu wa mbele wameacha. Bosi Mdundo alikuwa ananipungia mikono miwili. Ni wimbo mfupi lakini kusimama ndani yake ni kurefu. Mpaka mwisho sikufungua.

Ulipokwisha nikasogeza kipaza sauti. Nikawaambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Huo mliocheza si wangu. Wangu ni huu. Hauchezeki. Anayetaka kwenda aende, sitakasirika."

Kinyozi akalinganisha nyuzi na mvumo wa friza aliokuwa nao kichwani, wifi akainua fidla, nikaanza.

Nisijidanganye kwenye karatasi zangu mwenyewe. Hawakunyamaza kama kwenye hadithi. Mtu alipiga mluzi. Wengine wakaitikia wazi kwa dhihaka, na walipoona siyumbi wakachoka. Wengi waliondoka, niliwaona migongo yao ikijazana mlangoni wakifungua miavuli. Mvua ikazidi na kuna ubeti mzima hata mimi mwenyewe sikuusikia, niliujua kwa koo tu. Sikupandisha sauti. Nilijiambia wakinisikia sawa, wasiponisikia sawa, lakini kupiga kelele juu ya mume wangu sipigi.

Waliobaki mwishoni wangeenea dukani kwangu na nafasi ikabaki. Walikuwa wamesogea mbele kabisa, wengine wamekaa sakafuni. Msichana mmoja aliyevaa viatu vya kucheza alikuwa amevivua amevishika mapajani. Hawakupiga makofi. Waliinuka mmoja mmoja.

Bosi Mdundo alinisubiri mlangoni. Akasema nimejimaliza, hakuna redio itakayonigusa tena.

"Nimejimaliza mwenyewe basi," nikamwambia. "Wewe umeshindwa."

Jumapili, 11 Mei

Sauti imekauka. Koo linauma. Nafsi haiumi.

Alhamisi, 15 Mei

Redio bado inapiga ule wimbo wake. Nilidhani baada ya Jumamosi wataona haya, nimejidai. Leo umepigwa mara ngapi sijui, na kila ukianza Kinyozi anazima. Wateja wake wanalalamika kwamba hawasikii habari.

Wale niliowavutia kwa umaarufu wametoweka. Yule wa bado tu kafuata kitambaa chake hata sijakikata. Sawa. Nina mapazia ya shule ya kushona, na jioni tunaimba. Juzi walikuja watu wawili kutoka wale wa ukumbini, wakabisha hodi kwa adabu, wakauliza kama wanaweza kukaa. Wakakaa juu ya robota. Leo wamekuja wanne. Sijawaalika na siwafukuzi.

Kiti cha mama kiko tupu. Nimemtumia salamu kwa wifi kila siku. Wifi anazifikisha. Majibu hakuna.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zinachoka. Kutwa nzima manyunyu.

Nimemwuliza wifi kama alimsimulia mama yake habari ya ukumbini. Akasema alimsimulia siku ileile, neno kwa neno, pamoja na mdomo uliofungwa. Mama alisemaje? Alisema, aliimba beti zote? Wifi akamjibu ndiyo, zote. Mama akasema, na ule wa mwisho? Wifi akasema na ule wa mwisho. Basi mama akageukia ukuta akalala.

Sikuelewa. Nimekaa na swali hilo kutwa.

Jumamosi, 24 Mei

Leo jua lilitoka asubuhi na kubaki. Nikatoa vitambaa vyote vilivyokuwa vinanuka unyevu nikavianika nje, duka likabaki kuta tupu. Nilikuwa peke yangu nafagia.

Mama mkwe akaingia. Hakubisha hodi, ni nyumba yake. Hakuwa na begi. Alikuwa na mwavuli umefungwa, akauegemeza kwenye cherehani, akakaa. Hakugeuza kiti.

Nikaacha fagio. Nikapiga magoti nikamsalimia, akaitikia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumwomba msamaha, nimeyapanga tangu Aprili, na yote yakapotea. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ule ubeti wa mwisho," akasema, "ni uongo."

Ubeti wa mwisho unasema kwamba mvua ilikuwa inaingia dirishani, na mume wangu akalala. Akalala taratibu, kama taa inayopungua mafuta. Ni ubeti ninaoupenda kuliko yote. Sikuwapo mimi dakika ile. Nilikuwa nimetoka kufuata dawa, niliporudi nikakuta tayari, na muuguzi akanishika bega akaniambia amelala tu, hakuumia. Nimeutunga kutokana na neno lake.

Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

"Muuguzi hakuwapo. Nilikuwapo mimi." Akanyoosha mkono wake wa kulia na kuutazama. "Alinishika hapa. Mtu aliyekuwa hawezi kushika kijiko, alinishika mpaka nikadhani mfupa utavunjika. Aliniambia, mama, sitaki. Mama, mimi sitaki. Nikamwambia pumzika baba. Akasema sitaki. Hakulala huyo. Alikataa mpaka mwisho."

Hakuwa anachambua kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani na machozi yalikuwa yanashuka wazi, mbele yangu, hakuyafuta.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa naimba vizuri sana kwamba alilala, na akaona labda mmoja wetu awe na lake la kupumzikia. Lakini aliposikia nimesimama mbele ya ukumbi mzima na mdomo nimeufunga, akasema huyu anaweza kuubeba ukweli.

Miezi hii yote nimepigana na kila mtu asibadilishe hata pumzi moja ya wimbo ule. Nimemkatalia Bosi Mdundo, nimekatalia kinanda, ngoma na ukumbi. Na kumbe aliyeuongezea kitu, akamtuliza marehemu ili aingie vizuri kwenye wimbo, ni mimi.

Sikusubiri Kinyozi wala wifi. Niliimba bila chombo, chumba kitupu, jua linaingia mlangoni. Niliimba chini, kama ninavyoimba. Dirisha, watu wanaopita, mvua. Nikafika kwenye ubeti wa mwisho, nikapumua, nikaimba: hakulala, alikataa. Hakulala, alikataa. Sauti ilikatika katikati na sikuificha.

Mama alikuwa amefumba macho. Nikangoja.

"Tena," akasema.